Mkataba Haukimbii: Miaka Saba na Kamusi Moja ya Oxford

Mwaka jana, masika yakiwa yanaisha, mama mmoja aliingia dukani kwangu na karatasi nne zilizokunjwa ndani ya mfuko wa rambo. Nina steshenari ndogo Temeke, jirani na mahakama ya mwanzo. Natoa fotokopi, nachapa barua, naweka vyeti leminesheni. Kwa kuwa nilisomea ualimu wa Kiingereza kabla ya kufungua duka, watu huniletea pia karatasi za Kiingereza niwatafsirie. Za mama yule zilikuwa mkataba wa kazi za ndani. Binti yake alikuwa anakwenda Muscat. Kijana wa mtaani kwao alizipiga picha karatasi zile, programu ya simu ikazitafsiri, naye akayanakili maneno kwa kalamu ya bluu pembeni mwa kila kifungu. Pembeni mwa kifungu cha tatu paliandikwa: "Mkataba huu utakimbia kwa miaka miwili."

"Mwanangu," akaniuliza, "mkataba ukikimbia, mtoto wangu anabaki na nini mkononi?"

Macho yalikuwa mekundu, usiku hakulala. Na swali lake lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, maana alikuwa ameliamini neno kama lilivyoandikwa. Nikamvutia kiti, nikaishusha kamusi kutoka rafu ya juu ya mashine ya fotokopi, nikaifungua kwenye herufi R, penye neno "run".

Ni kamusi hiyo ninayotaka kuizungumzia. Ni Oxford Advanced Learner's Dictionary, toleo la saba, la mwaka 2005. Nimekaa nayo miaka saba. Wazazi wa wanafunzi huniuliza kila Januari, watoto wanapoanza kidato cha kwanza na masomo karibu yote yanageuka Kiingereza ghafla, wanunue kamusi gani. Huwa nawajibu kwa haraka huku natoa fotokopi. Leo najibu kwa nafasi.

Niliinunua mitumba, kwa muuza vitabu anayetandaza turubai pembeni mwa barabara katikati ya mji, shilingi elfu kumi na tano baada ya kuvutana sana. Jalada limechubuka pembe zote nne. Ndani ya jalada la nyuma pana mfuko wa plastiki uliokuwa na sidii, na sidii yenyewe haipo. Gamu ya mgongo iliachia mwaka wa pili, nikampelekea fundi viatu akaishona kwa uzi wa viatu vya ngozi, na tangu siku hiyo haijanisumbua. Ni kitabu kizito, hakikai kwenye mkoba wa mwanafunzi pamoja na madaftari yake. Ni cha kukaa mezani.

Sasa neno lenyewe. "Run" ni neno ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua: kukimbia. Linaandikwa kwa herufi tatu tu. Lakini ukiifungua kamusi hii utalikuta limejaza safu kwa safu, na ukigeuza ukurasa bado linaendelea. Maana za kitenzi peke yake zinapita ishirini, na hapo hujafika kwenye nahau, wala kwenye mafungu yake ya "run out", "run into", "run over" na ndugu zao. Mtu akiona hivyo huifunga kamusi. Nami ningeifunga, kama waliotunga kitabu hiki wasingefanya jambo moja lililo rahisi na la maana sana: kila maana wameitangulizia kichwa kidogo cha herufi kubwa kinachosema jambo lenyewe linahusu nini. Kuna kichwa cha uchaguzi, cha magazeti, cha vimiminika, cha rangi, cha mabasi na treni, cha soksi ndefu za kike. Husomi zote. Unatazama karatasi uliyonayo inaongelea nini, unapitisha kidole kwenye vichwa hadi ukutane na jambo lako, unasimama hapo.

Ndivyo nilivyofanya na mama yule. Nilimwonyesha kidole kinavyoshuka. Mbio za miguu, siyo. Mashine, siyo. Maji, siyo. Tukafika kwenye maana ya kitu kuwa na nguvu au kudumu kwa kipindi fulani, kama kibali au pango la nyumba. Nikamwambia: mama, hapa wanasema mkataba huu utadumu miaka miwili, kuhesabu tangu siku atakayofika. Akashusha pumzi. Kisha akanionyesha kifungu cha tano, kwenye orodha ya kazi: kupika, kufua, kusafisha, na mwishoni simu ilikuwa imeandika "kukimbia" tu, bila kusema kukimbia wapi wala kumkimbia nani. Kiingereza chake kilikuwa "running errands". Kwetu hilo ni kutumwa: kutumwa dukani, kutumwa kwa jirani, kutumwa kupokea mzigo. Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo atakuwa anatoka nje ya nyumba?" Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa karatasi hii, ndiyo, atatumwa. Nikaona uso wake unafunguka. Kumbe hilo ndilo lililokuwa limemkaa rohoni siku zote zile, kama mtoto atakuwa anaona jua. Neno moja, mara mbili kwenye karatasi moja, maana mbili tofauti, na zote mbili zilimhusu mtoto wake.

Kamusi ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ninayo pia, ile ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 1996, na siiachi. Hiyo inakupa neno badala ya neno, na mara nyingi ndicho unachotaka. Lakini kwa maneno haya madogo yanayotumika kila mahali, orodha ya visawe haitoshi, maana ukipewa kukimbia, kuendesha, kutiririka na kugombea kwa mkupuo, ni lazima kwanza ujue uko kwenye jambo gani ndipo uchague. Kamusi ya Oxford inakufundisha kulitambua hilo jambo. Kwa hiyo mimi huanza na ya Oxford kujua neno linafanya kazi gani, ndipo naenda kwa TUKI, au kwenye kichwa changu, kutafuta sisi husemaje.

Na sisi tunasema vizuri sana. Hili ndilo lililonifanya nilipende neno "run" badala ya kulichukia. Kila maana yake ukiisogeza kwenye Kiswahili unakuta tumeiwekea neno lake, zuri, lililokaa mahali pake. Pua ya mtoto inayofanya "run" kwa Kiingereza, kwetu kamasi zinamtoka. Maji yanayofanya "run" nyumbani ni maji ya bomba. Siku mbili "running" ni siku mbili mfululizo. Gazeti linaloifanyia habari "run" limeichapa. Sukari ikiisha koponi, wao wamefanya "run out", sisi tumeishiwa. Fomu za hospitali huuliza kama kisukari kina"run" kwenye familia, na niliwahi kuona fomu iliyotafsiriwa kwa simu ikiuliza kama kisukari kinakimbia nyumbani. Mgonjwa akajibu hapana. Kumbe baba yake alifariki kwa kisukari. Ingekuwa imeulizwa kama anavyouliza muuguzi yeyote wa hapa, "katika ukoo wenu kuna mwenye kisukari?", angejibu ndiyo hapo hapo.

Kuna maana moja niliyokaa nayo muda mrefu. Mmarekani anayetaka urais hufanya "run", yaani anakimbia. Kamusi imeandika pale kwamba ni matumizi ya Amerika ya Kaskazini hasa, kwa sababu Mwingereza katika uchaguzi ule ule hufanya "stand", yaani anasimama. Sisi twasema anagombea, neno la nyumba moja na ugomvi na kugombana. Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, wa tatu anagombana, na wote wanatafuta kura. Nilipowaeleza vijana wawili wa kidato cha nne wanaokuja kusoma dukani jioni, walikaa kimya, kisha mmoja akaanza kuandika kwenye daftari lake bila kuambiwa.

Fundi cherehani wa jirani yangu haridhiki kirahisi. Aliniletea lebo ya kitambaa cha kutoka nje ikionya kwamba "colours may run", akitaka kujua rangi zitakwenda wapi. Nikamwambia kitachuja. Akaguna. "Sasa hawa Wazungu hawana maneno? Rangi inakimbia, mkataba unakimbia, mashine inakimbia, kila kitu kinakimbia?" Nikamuuliza: fundi, leo asubuhi umefanya nini? Akasema amepiga mswaki, amepiga pasi suruali ya mteja, amempigia simu mwenye vitambaa. Na mkeo je? Kapiga deki. Jana je? Alikwenda kupiga picha ya pasipoti. Akiingia kwangu hupiga hodi. Akiumwa mafua hupiga chafya. Kanisani hupiga magoti, na mwaka wa uchaguzi hupiga kura. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokipiga kwa ngumi. Alisimama mlangoni muda, ile lebo bado iko mkononi, akaanza kunitajia mwenyewe: kupiga kelele, kupiga mbizi, kupiga soga. Akaondoka anazihesabu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiamini kwamba kupiga ni kuchapa tu, ataogopa kuingia nyumba ya mtu, na sisi tukiamini "run" ni kukimbia tu, tutakuwa kama yeye.

Wenyewe Waingereza neno hili limewatoa jasho. Kamusi yao kubwa kuliko zote, ile Oxford English Dictionary ya juzuu 20 iliyotoka katika toleo la pili mwaka 1989, neno lake lenye maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Walipoanza kuisahihisha upya, mwanakamusi Peter Gilliver akapewa "run". Kazi ilimchukua kama miezi tisa, na alipomaliza alikuwa amezitenga maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Nikifikiria mtu mmoja ameketi miezi tisa na herufi tatu, heshima yangu kwa kazi hii inapanda. Sehemu kubwa ya maana zile mpya imeletwa na mashine: treni, injini, kiwanda, kompyuta. Chochote kilichoanza kuzunguka au kwenda chenyewe kilipewa "run". Kwetu vitu hivyo vilipokuja tulivipa kwenda. Saa inakwenda, saa imesimama.

Kamusi yangu si ile ya juzuu 20, na haikuandikiwa Waingereza. Hapa ndipo ilipo siri ya ubora wake. Aliyeianzisha, A. S. Hornby, alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani kuanzia miaka ya 1920. Aliona wanafunzi wake wanakwama wapi, akatengeneza kamusi ya mtu anayejifunza, siyo ya mtu aliyezaliwa na lugha. Ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kisha Oxford wakaitoa mwaka 1948. Hornby alijali sana namna kitenzi kinavyokaa kwenye sentensi, kinafuatwa na nini, kinahitaji mtendwa au hakihitaji. Jambo hilo bado limo. Kwenye "run" utaona wameonyesha pale ambapo mtu ana"run" mwenyewe na pale ambapo ana"run" kitu. Mtu aki"run" hotelini amekimbia humo. Aki"run" hoteli, yeye ndiye anayeiendesha. Tofauti ni kiungo kimoja kidogo, na programu ya simu mara nyingi hujikwaa hapo hapo.

Maelezo yao yameandikwa kwa maneno rahisi, maneno 3,000 waliyoyateua na kuyawekea alama ya ufunguo. Ukiyajua hayo unaweza kuisoma karibu kamusi yote. Kwa mtoto anayeanza kidato cha kwanza, maneno hayo bado ni mlima. Sitamdanganya mzazi: mtoto ambaye Kiingereza chake ni cha salamu, mnunulie kwanza kamusi ya lugha mbili, na hii umpe akifika kidato cha tatu. Hakuna Kiswahili humu ndani hata neno moja la kumshika mkono. Nimewaona watoto wanatafuta neno, wanakuta maelezo yenye maneno mawili mengine wasiyoyajua, wanayatafuta hayo, baada ya dakika kumi wamesahau walianzia wapi. Hilo linavunja moyo. Kaa naye mara tatu za kwanza, mwonyeshe vile vichwa vidogo, mwonyeshe mifano iliyo kwa maandishi ya mlazo, kisha mwache.

Wengine wataniambia kamusi hii ipo mtandaoni bure. Ni kweli, na hata mimi huitumia huko nikitaka kusikia matamshi. Ila bando likiisha imekwisha, na skrini ya simu inakuonyesha maana tatu tu kwa wakati. Kwenye karatasi unaona ukoo mzima wa neno umelala mbele yako, kidole kinapita, jicho linaokota hata usichokitafuta. Mimi niliokota hivyo maana ya kumkimbiza mtu kwa gari. Ndiyo: Mwingereza naye huweza kusema ataku"run" hadi nyumbani, kama sisi tunavyomwambia rafiki mwenye pikipiki, "nikimbize mara moja hadi Mbagala." Nilifurahi siku hiyo kama niliyekutana na ndugu safarini.

Nimalizie na mzee wa Mkuranga, kwa sababu yeye ndiye aliyelipia gharama kubwa kuliko wote. Ana bustani ya matikiti na mchicha karibu na kijito. Alinunua pampu ya maji, kijitabu chake cha Kiingereza kitupu, na kwenye ukurasa wa kwanza, ndani ya kisanduku cheusi, palikuwa na maneno sita: "Do not run the pump dry." Mtoto wake wa sekondari alimsomea: usikimbie na pampu ikiwa kavu. Mzee akaona ni sawa, nani atakimbia na pampu? Kiangazi kijito kikapungua, bomba la kunyonyea likawa linavuta hewa, pampu ikaendelea kunguruma. Ndani ya pampu maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili inayozunguka na mhimili. Yakikosekana, sili inajisaga, inapata moto, inaungua. Ikaungua. Alipokuja kwangu alikuwa amenunua pampu ya pili, na safari hii alikileta kijitabu kabla hajaiwasha. Nilimwandikia kwa kalamu ya wino mzito, kwa herufi kubwa: USIWASHE PAMPU BILA MAJI NDANI YAKE. Karatasi ile niliiweka leminesheni, sikumtoza. Aliniambia ameitundika kwenye mti wa mwembe juu ya pampu, na vijana wake wote wanaisoma kabla ya kuvuta kamba.

Toleo jipya zaidi ninalolijua ni la kumi, la mwaka 2020. Ukiwa na uwezo, chukua hilo. Kama mfuko ni kama wangu, la saba la mitumba litakutosha miaka mingi. Elfu kumi na tano hadi ishirini ni bei ya haki kwa nakala ambayo mgongo wake bado umeshika. Kabla hujatoa hela, fungua kwenye R uhakikishe "run" ipo yote, ukurasa mpaka ukurasa, kisha nenda kwenye S uangalie "set". Nakala ya kwanza niliyoichukua ilikuwa imenyofolewa S karibu nusu, nami sikujua mpaka nilipofika nyumbani. Kesho yake nilirudi, muuzaji akanibadilishia bila maneno, na ndiyo hii iliyo juu ya mashine ya fotokopi.